Muhamadi Kijumwa: Mkono wa Lamu katika Makavazi ya Vyuo Vikuu

Utangulizi

Jina la Muhamadi Kijumwa si geni kwa mwanafunzi aliyepata kuusoma Utenzi wa Fumo Liyongo. Aghalabu, hata hivyo, ujuzi wa wanafunzi kumhusu mtunzi huyu huishia pale pale jina lake linapotajwa. Hushughulikiwa shujaa Liyongo, nguvu zake, kifungo chake na usaliti wa mwanawe, lakini mtu aliyeipanga hadithi hiyo katika beti na kuiandika kwa mkono wake huachwa nyuma ya pazia. Ni jambo la kushangaza kidogo, maana Kijumwa hakuwa mtunzi wa utenzi mmoja tu. Sehemu isiyo haba ya ushairi wa kale wa Kiswahili unaosomwa leo imetufikia kwa kupitia kalamu yake.

Mtafiti anayeingia katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, yaani SOAS, katika Chuo Kikuu cha London, na kuomba aletewe miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na mkono wa mzee huyu. Nyaraka nyingine zilizotoka kwake zimo Ujerumani. Makala haya yanayafuata maisha ya Kijumwa tangu kuzaliwa hadi kufa, na kueleza jinsi kazi yake ilivyotoka katika nyumba za Lamu hadi kuingia katika makavazi ya vyuo vikuu vya mbali. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kijumwa ndiye aliyeshika daftari.

Mji na Malezi

Jina lake kamili ni Muhammad bin Abubakar bin Umar al-Bakari. Kijumwa, au Kijuma kama baadhi ya wataalamu wanavyoliandika, ni lakabu ambayo ilizoeleka hata ikalifunika jina la nasaba. Alizaliwa mjini Lamu karibu na mwaka wa 1855. Huu ulikuwa wakati ambapo pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa chini ya utawala wa Mabusaidi wa Unguja, na visiwa vya kaskazini vilikuwa bado na kumbukumbu hai ya fahari ya Pate. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga wosia wake maarufu kwa bintiye mwaka wa 1858, yaani Kijumwa akiwa mtoto mdogo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alikuwa amekwisha kufariki miongo kadhaa iliyotangulia. Kwa hiyo, Kijumwa alizaliwa mahali ambapo tendi hazikuwa maandishi ya kuchunguzwa. Zilisomwa kwa mahadhi majumbani, zikasikizwa, zikakaririwa na kunakiliwa.

Kama watoto wengine wa Kiislamu wa mji huo, alipata elimu yake chuoni, ambako alijifunza kuisoma Kurani na kuziandika hati za Kiarabu. Elimu hiyo ilikuwa na matumizi mawili. Kwanza, ilimfungulia mlango wa dini na lugha ya Kiarabu. Pili, ilimpa nyenzo ya kuandika Kiswahili chenyewe, kwani Waswahili walikuwa wakiiandika lugha yao kwa hati hizo karne nyingi kabla ya hati za Kirumi kuletwa na wamishenari na serikali za kikoloni.

Fundi wa Fani Nyingi

Itakuwa kosa kumfikiria Kijumwa kuwa mtu wa vitabu pekee. Alikuwa mchongaji hodari wa mbao, na milango ya nakshi ni miongoni mwa kazi zilizompa sifa mjini mwake. Alikuwa mwanamuziki aliyepiga ala za nyuzi. Alizijua ngoma za Waamu, nyimbo zake na taratibu za kuzicheza, na alihusika katika mashindano ya ngoma yaliyokuwa yakiigawa mitaa ya mji katika makundi ya wapinzani. Mashindano hayo hayakuwa mchezo mtupu. Kila upande ulihitaji mtunzi wa kuujibu upande wa pili kwa maneno ya mafumbo, na heshima ya mtaa mzima ingeweza kupanda au kushuka kwa sababu ya wimbo mmoja.

Fauka ya hayo, alikuwa malenga. Mbali na Utenzi wa Fumo Liyongo, alitunga Utenzi wa Siraji, ambao ni wosia kwa mwanawe. Utungo huo unafaa kusomwa sambamba na ule wa Mwana Kupona, kwa kuwa mmoja ni wa mama akimuusia binti na mwingine ni wa baba akimuusia mwana.

Fani hizi hazikutengana. Mkono uliozoea kuchonga maua na mafundo katika mbao ndio ulioshika kalamu. Katika miswada ya Kijumwa huonekana wazi kwamba mwandishi hakutosheka na kuyafikisha maneno peke yake. Alijali mpangilio wa ukurasa, usawa wa mistari na umbo la kila herufi. Irabu zilitiwa kwa uangalifu, na mapambo yakawekwa pale yalipofaa. Msomaji asiyejua hata neno moja la Kiswahili angetambua kuwa ameshika kazi ya fundi.

Mabadiliko ya Dunia Yake

Maisha ya Kijumwa yalipitia misukosuko mikubwa ya kisiasa na kiuchumi. Mwaka wa 1885 Wajerumani waliutangaza Witu, ng'ambo ya Lamu upande wa bara, kuwa nchi iliyo chini ya himaya yao. Mwaka wa 1890 Witu ukaingia mikononi mwa Waingereza. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ikatangaza himaya yake katika Afrika Mashariki, na mwaka wa 1907 utumwa ukapigwa marufuku katika pwani ya Kenya. Nyumba nyingi za kiungwana za Lamu zilikuwa zimeutegemea uchumi wa mashamba uliosimama juu ya jasho la watumwa. Bandari nayo ilizidi kupoteza nafasi yake kwa Mombasa, hasa baada ya reli kujengwa kutoka huko kuelekea bara.

Mintarafu ya fasihi, mabadiliko haya yalikuwa na athari ya moja kwa moja. Wale waliokuwa na uwezo wa kumlipa mnakili ili awaandikie utenzi walipungua. Wakati uo huo, wanunuzi wa aina nyingine walianza kutokea, nao ni wamishenari, maafisa wa serikali na wataalamu wa lugha kutoka Ulaya. Hawa walitaka miswada, walikuwa na fedha, na walihitaji mtu wa kuwaeleza maana ya maneno ambayo hayamo katika kamusi zao. Kijumwa alikuwa mtu huyo. Ndiyo sababu maisha yake hayawezi kuelezwa bila ya kuwataja wageni watatu waliomwandama kwa nyakati tofauti: Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann.

Alice Werner na Utenzi wa Fumo Liyongo

Alice Werner alisafiri katika Afrika Mashariki kati ya miaka ya 1911 na 1913, akafika Lamu na sehemu za jirani akikusanya masimulizi, nyimbo na tenzi. Chuo cha Taaluma za Mashariki kilipofunguliwa London mwaka wa 1917, Werner alikuwa miongoni mwa walimu wake wa kwanza wa Kiswahili, na baadaye akawa profesa. Ujuzi aliokwenda nao darasani ulitegemea kwa kiasi kikubwa watu wa pwani waliomfunza, na Kijumwa alikuwa mmoja wao.

Utenzi wa Fumo Liyongo uliandikwa mwaka wa 1913, wakati Kijumwa alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Hadithi yenyewe ni ya kale sana, na ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika nathari na Edward Steere mwaka wa 1870. Kijumwa aliipa umbo la utenzi: beti za vipande vinne, mizani minane kwa kila kipande, vipande vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha bahari kinachoendelea hadi mwisho. Katika beti hizo tunamwona Liyongo akifungwa gerezani, mjakazi Saada akimletea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake, na walinzi wakiudharau mkate huo kwa kuwa si wa ngano. Hatimaye tunamwona akichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, kisha akienda kupiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wasithubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Wahakiki wamejiuliza mara nyingi ni kiasi gani cha utenzi huu ni utunzi wa Kijumwa na ni kiasi gani alikirithi kutoka kwa waliomtangulia. Swali hilo ni la haki, lakini linapaswa kuulizwa kwa kuzingatia kaida za utunzi wa zamani. Mtunzi wa tendi hakudai kuwa amebuni kisa. Kazi yake ilikuwa kukipokea kisa kilichojulikana, kukisahihisha, kukipanga na kukitia katika bahari ifaayo. Kwa mizani hiyo, Kijumwa alitimiza wajibu wake barabara. Werner mwenyewe aliandika makala kumhusu Liyongo katika jarida la chuo chake mwaka wa 1926, na kisa cha shujaa wa Waswahili kikaanza kujulikana miongoni mwa wasomi wa Ulaya.

Miswada kwa Hichens

William Hichens alikuwa Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki na kurejea kwao akiwa na mapenzi makubwa ya ushairi wa Kiswahili. Katika miaka ya 1930 aliandikiana barua na Kijumwa, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Barua zilivuka bahari kwenda na kurudi. Hichens aliomba tungo, naye Kijumwa akazitafuta, akazinakili na kuzipeleka pamoja na maelezo ya maneno magumu. Kwa kazi hiyo alilipwa.

Matunda ya ushirikiano huo na wa wengine yalionekana haraka. Mwaka wa 1934 ulitoka wosia wa Mwana Kupona ulioshughulikiwa na Werner pamoja na Hichens. Mwaka wa 1939 Hichens alichapisha Al-Inkishafi mjini London. Mwaka wa 1940 ilichapishwa Johannesburg Diwani ya Muyaka bin Haji, ambayo ilitokana na mashairi yaliyokusanywa Mombasa na William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Inafaa kuwaweka Sikujua na Kijumwa pamoja katika fikira. Wa kwanza aliyakusanya na kuyafafanua mashairi ya Muyaka, na wa pili akazinakili tungo za Lamu na Pate. Lau si wao, wageni waliosifiwa kwa vitabu hivyo wasingekuwa na cha kuchapisha.

Hapa ndipo lilipo suala zito. Jina lililoandikwa kwenye majalada lilikuwa la mhariri wa Ulaya. Mnakili alishukuriwa ndani, pengine kwa sentensi chache, kana kwamba alikuwa tarishi aliyebeba furushi asilojua kilichomo. Ilhali kazi ya Kijumwa ilihitaji maarifa makubwa. Ilimbidi aijue lugha ya kale, atambue mahali ambapo nakala iliyo mbele yake ilikosewa, achague neno lililo sahihi kati ya mawili yanayofanana na aeleze maana yake kwa mtu ambaye hakulelewa katika utamaduni huo. Kwa lugha ya leo, huo ni uhariri na ufafanuzi. Mgala muuwe na haki umpe: Werner na Hichens walifanya kazi iliyozinusuru tungo nyingi zisipotee. Hata hivyo, haki ya Kijumwa nayo haikutolewa kwa ukamilifu.

Hati na Utata Wake

Ili ukubwa wa kazi yake ueleweke, ni lazima kutazama hati alizozitumia. Kiarabu hakina herufi za baadhi ya sauti za Kiswahili. Katika miswada mingi ya zamani, herufi ya b iliweza kusimamia b, p na hata mb. Herufi ya f iliweza kusomwa f au v. Alama za irabu ni tatu tu, hivyo alama moja ilitumika kwa e na i, na nyingine kwa o na u. Matokeo yake ni kwamba maneno kama baba, papa, bamba na pamba yangeweza kuandikwa kwa namna moja. Msomaji alitarajiwa kuchagua kwa kuongozwa na muktadha, vina na mizani.

Kwa Mwamu aliyezisikia tendi tangu utotoni, jambo hili halikuwa tatizo. Alikuwa tayari anaujua utungo, na maandishi yalimkumbusha tu. Kwa msomaji wa London au Hamburg, utata huo ulikuwa ukuta. Kijumwa alielewa kuwa anamwandikia mtu wa mbali, na kwa sababu hiyo mwandiko wake ni wa wazi kuliko wa wanakili wengi. Kwa maneno mengine, aliyabadilisha mazoea ya kunakili ili yamfae msomaji mpya. Wataalamu wa leo wanaozitumia nakala zake hawana budi kulikumbuka hilo, kwani nakala iliyoandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya si sawa kabisa na nakala iliyoandikwa ili isomwe barazani Lamu.

Wakati Kijumwa akiandika hivyo, lugha rasmi ilikuwa inaelekea kwingine. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa ili kuusimamia usanifishaji huo. Hati za Kirumi ndizo zilizotumika shuleni. Kiamu na hati za Kiarabu vikabaki nje ya darasa. Kwa hivyo, miswada ya Kijumwa ilikuwa ikihifadhiwa London katika miaka ile ile ambapo uwezo wa kuisoma ulianza kufifia miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki.

Wamishenari na Jina la Masihii

Wamishenari Wajerumani wa Neukirchen walifanya kazi katika eneo la mto Tana na Lamu tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kijumwa aliwakaribia, na ukaribu huo ndio uliomletea lakabu ya Masihii, yaani Mkristo. Katika mji uliosifika kwa elimu ya Kiislamu, ambamo msikiti wa Riyadha ulikuwa ukivuta wanafunzi kutoka mbali, lakabu hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa ni hukumu ya kijamii iliyomfuata mtu kila alikokwenda.

Si rahisi kumhukumu leo. Kijumwa alikuwa fundi aliyeishi kwa kazi ya mikono yake katika mji ambao utajiri wake ulikuwa umepungua. Wageni walikuwa na kazi ya kumpa, nao walithamini ujuzi ambao soko la mji halikuuhitaji tena kama zamani. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kijumwa alicheza kwao, lakini sehemu kubwa ya tuzo ilitoka ugenini, na gharama yake akailipa kwao. Hata hivyo, tungo alizozinakili kwa ajili ya wageni hao hao zimejaa habari za Mitume, za Maswahaba na za akhera. Mkono ulioitwa wa Masihii ndio uliozihifadhi tendi za Kiislamu kwa vizazi vilivyofuata.

Dammann na Miaka ya Mwisho

Mgeni wa tatu alikuwa Ernst Dammann, Mjerumani aliyekuwa mmishenari Tanga na mtaalamu wa lugha za Kiafrika. Alifika Lamu katikati ya miaka ya 1930 akiwa na mkewe Ruth. Kijumwa alikuwa na umri wa miaka themanini hivi. Licha ya uzee, aliwasomea, akawanakilia na kuwaeleza tungo nyingi. Mwaka wa 1940 Dammann alichapisha mjini Hamburg mkusanyiko mkubwa wa tungo za lahaja ya Kiamu pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha kuanza, na kitabu hicho hakikupata nafasi ya kusambaa Afrika Mashariki. Mzee aliyekiwezesha alibaki Lamu, katika koloni la Waingereza, huku kazi yake ikiwa imechapwa katika nchi iliyopigana nao.

Muhamadi Kijumwa alifariki mjini Lamu mwaka wa 1945, akiwa amefikia takriban umri wa miaka tisini. Alikuwa ameziona zama za masultani, za wakala wa Kijerumani, za kampuni ya Kiingereza na za koloni, na katika zama zote hizo hakuacha kuandika.

Safari ya Miswada baada ya Mauti

Kufa kwake hakukuwa mwisho wa kazi yake. Nyaraka za Taylor, Werner na Hichens ziliingia katika maktaba ya SOAS na kuwa msingi wa utafiti wa ushairi wa Kiswahili katika chuo hicho. Lyndon Harries alipochapisha kitabu chake kuhusu ushairi wa Kiswahili mwaka wa 1962, alitegemea kwa kiasi kikubwa miswada iliyokuwa humo. Afrika Mashariki nayo haikukaa kimya. J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada na sauti zilizorekodiwa katika kanda, na orodha ya mkusanyiko uliowekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam ikachapishwa mwaka wa 1970.

Mwaka wa 1973 Utenzi wa Fumo Liyongo ulichapishwa Dar es Salaam na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, mhariri akiwa Abdilatif Abdalla, ambaye alikuwa ametoka gerezani Kenya mwaka mmoja uliotangulia. Si ajabu kwamba mfungwa huyo wa kisiasa alivutiwa na kisa cha shujaa aliyeikata minyororo yake kwa tupa iliyofichwa katika wishwa. Mwaka wa 1999 M. M. Mulokozi aliuingiza utenzi huo katika Tenzi Tatu za Kale, pamoja na Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona. Tenzi zote tatu zina uhusiano na mkono wa Kijumwa, mmoja kwa kuutunga na mingine kwa kuinakili.

Maisha yake yenyewe yalipata mtafiti mwaka wa 1983, wakati Mohamed Abou Egl alipowasilisha tasnifu ya uzamifu kumhusu katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka wa 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha Ujerumani kitabu kikubwa cha tungo zake kutoka katika nyaraka za Dammann na mikusanyiko mingine. Safari hii jina lililotangulia katika anwani lilikuwa Muhamadi Kijuma. Ilikuwa imepita miaka 65 tangu afariki.

Hitimisho

Maisha ya Kijumwa yanamfunza mwanafunzi wa Kiswahili mambo mawili. La kwanza ni kwamba matini ya kale haikushuka kutoka angani ikiwa kamili. Kila ubeti unaosomwa darasani ulipita katika mkono wa mtu aliyekuwa na mahitaji yake, mteja wake na maoni yake. Anayeuchambua Utenzi wa Fumo Liyongo bila kumjua mwandishi wake anaziacha nje habari zinazohusu umbo la utenzi wenyewe.

La pili linahusu makavazi. Kuwapo kwa miswada ya Lamu katika maktaba za ng'ambo kumeinusuru na mchwa, unyevu na kusahauliwa. Wakati huo huo, kumeifanya iwe mbali na watu ambao ndio warithi wake. Siku hizi picha za miswada mingi huweza kupatikana kwa njia ya intaneti, na mkusanyiko wa msikiti wa Riyadha umepigwa picha za kidijitali pale pale Lamu. Umbali wa safari umepungua. Umbali uliobaki ni ule wa hati. Picha ya ukurasa wa Kijumwa haimfai mwanafunzi asiyeweza kuusoma, na katika idara nyingi za Kiswahili hati za Kiarabu hazifundishwi. Idara ikianza kuzifundisha, hata kwa muhula mmoja, itakuwa imempa mwanafunzi ufunguo wa sanduku ambalo ni lake.

Mzee wa Lamu aliandika kwa mwandiko wa wazi kuliko desturi, akitia kila irabu mahali pake, kwa sababu alijua kwamba maandishi yake yangesomwa na watu wasiomjua. Alimkusudia msomaji wa Ulaya. Hakuna kinachomzuia msomaji wa Nairobi, Eldoret au Mombasa kufaidika na uangalifu huo huo.